Namna ya Kutunza Kumbukumbu ya Wema Usioutarajia Kutoka kwa Marafiki: Mwongozo Kamili

Wema wa kupangwa una vigingi vya kuushikilia. Mtu akija harusini, msibani au siku ya kuzaliwa, tarehe ipo, picha zipo na mashahidi wapo. Wema wa ghafla hauna hata kimoja. Huja siku ambayo hukuipanga, mara nyingi kichwa kikiwa kimejaa jambo jingine kabisa, na mtendaji huondoka kabla hujajua la kusema. Wahenga walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Agizo hilo ni la mtendaji; aliyetendewa hakuambiwa asahau.

Mwongozo huu ni wa aliyetendewa. Unaeleza namna ya kuandika tukio likiwa bado bichi, kuhifadhi vielelezo vyake, kushukuru kwa maneno yanayofika, na kufukua wema wa zamani ambao hukuuandika wakati ule.

Kwa nini unapotea haraka hivyo

Sababu ya kwanza ni muda. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa orodha za silabi zisizo na maana. Alipima ni kiasi gani cha kazi ya kujifunza upya alichookoa baada ya muda kupita: baada ya dakika 20 aliokoa karibu asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34 hivi, na baada ya siku 31 asilimia 21. Tukio lenye hisia halipotei kwa kasi ya silabi tupu, lakini umbo la upotevu linafanana: hasara kubwa iko mwanzoni. Yanayoondoka mapema ni maneno yaliyosemwa, saa, na mpangilio wa mambo. Kinachobaki ni muhtasari tu, kwamba fulani alinisaidia.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo yenye madhara zaidi. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa kila mmoja anafanya sehemu gani ya kazi za nyumbani. Ukijumlisha majibu ya wawili, mara nyingi yalizidi kazi yote iliyopo. Hapakuwa na haja ya mtu kusema uongo. Unachokitoa wewe unakiona chote: safari, uchovu, usingizi uliokatika, pesa uliyoipunguza mahali pengine. Unachopewa unakiona mwisho wake tu, pale kinapokufikia mkononi. Kwa hiyo hesabu ya moyoni daima inakuonyesha wewe kama mtoaji mkubwa, na rafiki anaanza kuonekana mchache wa fadhila bila kosa lolote. Ukiacha kila kitu katika mwongozo huu, usiache kipengele cha gharama kwa mtendaji, kitakachoelezwa katika hatua ya pili.

Vifaa

Si vingi. Daftari gumu la ukubwa wa A5 (milimita 148 kwa 210), lenye kurasa 150 hadi 200, linatosha miaka kadhaa kwa sababu wema wa kweli wa ghafla hauji kila siku. Andika kwa penseli au kalamu ya wino wa kudumu. Wino wa kawaida wa rangi hufifia ukikaa kwenye mwanga, penseli haififii ingawa hufutika kwa kusuguliwa. Ongeza bahasha moja kubwa ya kubandika ndani ya jalada la nyuma. Anayependelea simu aandike kwenye programu yoyote ya maandishi, mradi kuwe na nakala mahali pa pili. Simu hupotea, huibiwa, huanguka majini.

Acha kurasa nne za mwanzo wazi. Zitakuwa faharasa ya majina na namba za kurasa, na bila hiyo utaacha kulisoma daftari mara tu litakapofika nusu.

Hatua ya 1: Nukta tatu kabla ya kulala

Siku ya tukio usijaribu kuandika vizuri. Huna nguvu, na huenda shida iliyomleta rafiki bado haijaisha. Andika mambo matatu tu, popote pale: nani, alifanya nini, saa ngapi. Kama mikono haina nafasi, jirekodi sauti kwa sekunde 30. Kama kuna sentensi aliyoisema ambayo ilikugusa, hiyo ndiyo ya kuwahi kuliko yote, neno kwa neno, hata kama ilikuwa ya kawaida. Maneno halisi hayarudi. Kesho yake utakuwa umeshayageuza kuwa maneno yako.

Hatua ya 2: Andiko kamili ndani ya saa 24

Hapa ndipo pa kutulia. Tenga dakika 15, na uandike maneno kati ya 80 na 130. Ukipungua chini ya hapo unaandika cheti cha shukrani. Ukizidi sana utachoka na hutarudia mara ya pili. Andiko linahitaji mambo sita, kwa mpangilio wowote: lini na wapi, wewe ulikuwa katika hali gani, rafiki alijuaje, alifanya nini hasa kwa mikono na maneno yake, kilimgharimu nini, na kitu gani kiliwezekana kwa sababu yake.

Tazama mfano huu, uliotungwa kuonyesha kipimo:

*Machi 14, usiku wa kuamkia Ijumaa, wodini. Mama alikuwa amelazwa tangu Jumatano na nilikuwa sijalala usiku wa pili. R. hakuitwa, aliona ujumbe wangu wa saa mbili uliosema tu "bado tupo huku". Saa tisa usiku akatokea mlangoni na shuka na chaja. Hakuuliza maswali. Alisema, "Nipishe hicho kiti, ukalale kwenye gari," akanipa funguo. Nililala kwa saa mbili na nusu. Niliporudi, alikuwa ameandika nyuma ya bahasha kila saa aliyopita muuguzi na joto la mama. Saa moja asubuhi alikuwa na zamu kazini. Alitoka pale moja kwa moja. Daktari alipokuja saa mbili nilikuwa na akili ya kumjibu.*

Sasa linganisha na lile ambalo wengi wangeandika: "R. alinisaidia sana mama alipolazwa, Mungu ambariki." Si uongo. Lakini baada ya miaka mitano sentensi hiyo haitakuonyesha kiti, funguo, wala bahasha ile yenye namba za joto. Bahasha ndiyo yote. Inaonyesha kwamba R. hakuja kukaa tu. Aliifanya kazi ya usiku kama mwana wa yule mgonjwa.

Kipengele cha "alijuaje" hurukwa mara nyingi, nacho ndicho kinachotenganisha wema wa ghafla na msaada wa kuombwa. Mtu uliyemwomba amefanya vyema. Mtu aliyesoma maneno matatu kwenye simu akaelewa usichokisema, huyo alikuwa anakufikiria kabla hujamfikiria.

Kwa kipengele cha gharama, jiulize maswali manne: alikuwa wapi kabla ya hapo, aliacha nini, alitumia nini, na baada yake alikwenda wapi. Usipojua jibu, usibuni. Acha nafasi ya mistari miwili. Majibu mengi huja yenyewe wiki au miezi baadaye, mtu wa tatu anapotaja kwa bahati kwamba siku ile alikuwa na homa, au kwamba gari lilikuwa la kuazima. Rudi ujaze, na uweke tarehe ya kujaza.

Usihesabu gharama kwa fedha isipokuwa wema wenyewe ulikuwa wa fedha. Ukianza kuandika kiasi pembeni ya kila jina, daftari linageuka leja, na leja inataka kufungwa kwa hesabu sawa. Fadhila haifungwi hivyo.

Siku zisizo na tukio usiandike. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kulinganisha watu walioorodhesha mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki na walioorodhesha mara tatu, kwa wiki sita. Waliopata furaha zaidi ni wale wa mara moja. Kulazimisha hufanya jambo liwe zoezi, na kalamu inaanza kuandika vitu ambavyo moyo haukuviona.

Hatua ya 3: Vielelezo

Vitu vidogo hushika kumbukumbu kuliko maelezo marefu: kikaratasi alichokiacha, tiketi, ujumbe wa sauti, ile bahasha yenye namba. Viweke katika bahasha ya jalada la nyuma, kila kimoja kikiwa na namba ya ukurasa wake iliyoandikwa kwa penseli nyuma. Usivibandike kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.

Risiti zinahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na maandishi yake hufutika yenyewe, haraka zaidi zikiwekwa kwenye joto, mwanga au mfuko wa plastiki. Ipige picha siku hiyohiyo. Ujumbe wa simu upige picha ya skrini ukionyesha tarehe, na ujumbe wa sauti uutoe nje ya programu ukauhifadhi kama faili, halafu uandike maneno yake daftarini. Watu wengi wamepoteza sauti za marafiki waliokwisha kufariki kwa sababu tu walibadilisha simu. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi na siku, mfano 2025-03-14-R-wodini, ili mafaili yajipange kwa mfuatano bila wewe kufanya lolote.

Hatua ya 4: Kushukuru, mara mbili

Shukrani ni sehemu ya kukumbuka, si adabu ya pembeni. Ukilisema jambo kwa mdomo mbele ya aliyelitenda, linakaa.

Shukrani ya kwanza ifike ndani ya siku mbili, iwe fupi, sentensi tatu hadi tano. Taja kitendo chenyewe, kisha hali uliyokuwa nayo, kisha kilichobadilika. "Asante kwa kila kitu" haimfikii mtu, kwa kuwa hajui kila kitu ni kipi. Kwa mfano ule wa wodini: "Zile namba za joto ulizoandika nilimsomea daktari moja kwa moja. Nilikuwa siwezi hata kukumbuka siku. Ulinipa saa mbili na nusu za usingizi na nikaweza kusimama." Hapo hakuna sifa hata moja, lakini mwenye kuusoma atajua kwamba ameonekana.

Usiongeze ahadi. Kauli kama "nitakulipa" au "sijui nitakurudishia nini" humvuta rafiki kwenye biashara ambayo hakuifungua. Usijishushe pia kwa kuomba radhi mara tano kwa kumsumbua, hajasema umemsumbua.

Shukrani ya pili ndiyo wachache huitoa. Ipeleke baada ya miezi sita au mwaka, wakati hakuna anayeitarajia. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu kinachojirudia kila mwaka, saa ambayo unaweza kupiga simu kweli, si katikati ya kazi. Wakati huo unaweza kusema ambacho siku ile hukukijua bado: jinsi mambo yalivyoishia, na ni kitu gani cha tukio lile umekibeba hadi leo. Ikiwa ni barua, ukurasa mmoja watosha.

Kinachowazuia watu ni kuona haya, wakidhani watamshangaza rafiki vibaya au maneno yao hayatakaa sawa. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani na kukadiria mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walikadiria furaha ya mpokeaji chini kuliko ilivyokuwa, na wakaikadiria juu aibu ambayo angeihisi. Wao walihangaikia ufasaha. Wapokeaji walihisi joto la maneno. Barua yenye makosa ya tahajia iliyofika ni bora kuliko nzuri iliyobaki kwenye rasimu.

Wapo marafiki wasiopenda kusifiwa, hasa mbele za watu. Kwa hao andika, usiseme. Tuma, usisubiri jibu. Na kamwe usitangaze hadharani msaada ambao ukitajwa unaanika siri ya mtu yeyote kati yenu.

Hatua ya 5: Kurudia ili isitoke

Kuandika peke yake hakutoshi, maana daftari linaweza kukumbuka kwa niaba yako na wewe ukasahau. Rudia mara nne: baada ya siku moja, wiki moja, mwezi mmoja, kisha mara moja kila mwaka. Kila mara funika ukurasa ubakize jina na tarehe tu, ujisimulie tukio, ndipo ufungue usome. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walishika zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Ulichokisahau weka kistari chini yake. Ulichokiongeza ambacho hakimo ukurasani kichunguze: ama ni kumbukumbu halali iliyochelewa, ama ni pambo. Usikifute, kiandike pembeni na alama ya kuuliza.

Hatua ya 6: Kufukua wema wa zamani

Usianze na swali la "nani alinitendea wema?" Litakuletea watu walewale watatu. Anza na mahali. Chora mstari, uweke juu yake nyumba zote ulizoishi, shule, kazi, magonjwa, kuhama na misiba. Kwa kila kituo tumia dakika 20, ukijiuliza maswali ya mwili: nani alibeba mizigo? Nililala kwa nani? Nani alinishikia zamu? Nani alinijulisha kwamba nafasi ipo? Nani alikaa kimya nilipokosea mbele za watu? Swali hilo la mwisho hufukua mengi, kwa kuwa wema wa kunyamaza hauachi alama yoyote. Vituo viwili kwa siku vinatosha. Kazi hii huamsha na mambo mazito, na si lazima yote yaamke siku moja.

Andika toleo lako kwanza, ndipo uwaulize wengine. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba watu waliotazama ajali ileile ya magari walikadiria mwendo tofauti kulingana na kitenzi cha swali, na baadhi ya waliosikia kitenzi kikali zaidi walikuja kusema wameona vioo vilivyovunjika ambavyo havikuwepo. Basi usimuulize shahidi, "Unakumbuka R. alivyokuja usiku akatuokoa?" Muulize, "Usiku ule nani walikuwepo?" Kisha kila sehemu ya andiko la zamani iwekee alama: W kwa ninachokumbuka wazi, D kwa ninachodhani, A kwa nilichoambiwa.

Yanayoharibika, na tiba yake

Daftari likianza kutumika kwenye ugomvi, limekufa. Ukijikuta unalifungua ili kuona nani hajafanya kitu, au unalinganisha marafiki kwa idadi ya kurasa, lifunge kwa mwezi mzima. Tofauti ya kurasa mara nyingi ni tofauti ya umbali na ya shida zilizokupata mbele ya nani. Rafiki anayeishi mbali hana nafasi ya kukushikia kiti.

Hatari nyingine ni rafiki kukana: "Mimi? Sikumbuki." Ni kawaida kabisa, kwa kuwa kwake ilikuwa ni usiku mmoja kati ya nyingi. Usimlazimishe akumbuke na usidhani andiko lako ni la uongo. Msimulie kwa ufupi, umwachie.

Siri ni jambo la kupangia mapema. Tumia herufi moja badala ya jina pale msaada ulipohusu deni, ugonjwa au ndoa, na uandike ukurasa wa kwanza nani akabidhiwe daftari ukiondoka duniani, au kama lichomwe.

Urafiki ukivunjika, usichane ukurasa. Unaruhusiwa kuacha kuusoma na kuzima kikumbusho. Lakini kilichotendwa usiku ule kilitendwa, na ugomvi wa baadaye hauna tarehe ya kurudi nyuma.

Na mtendaji akiwa amefariki kabla ya shukrani ya pili, nakili andiko kwa mkono kwenye karatasi safi, ondoa siri zako, umpelekee mwanawe, mwenzi wake au mzazi wake. Usingoje kumbukizi rasmi. Watu wa nyumbani wanajua alikuwaje nyumbani. Hawajui alikwenda wapi saa tisa ya usiku ule. Weka tarehe, weka mahali, na kama ile bahasha yenye namba za joto bado unayo, toa nakala yake uiambatanishe, maana mwandiko huo ni wake.